Jibu: Siku mbili za kuwanoa wasimamizi 40, Uwanja wa Jamhuri

Mkuu, umeuliza kama wasimamizi 40 wa umati wanatosha na siku mbili za kuwafunza zitumike vipi. Kwa mashabiki 8,000 uliowataja, 40 wanatosha. Kipimo kinachotumika sana ni msimamizi 1 kwa watu 250, yaani 32, na 8 wanabaki wa akiba. Mechi ya upinzani mkali inataka 1 kwa 100. Hapo tafuta 80.

Usizimalize siku mbili darasani. Nusu ya muda ipeleke kwenye mageti, maana huko ndiko watu hufia. Njia tambarare hupitisha watu 82 kwa dakika kwa kila mita ya upana, ngazi 66 tu. Geti la mita 3 likiwa wazi dakika 8 linatoa watu 1,968, kwa hiyo ili wote 8,000 watoke kwa muda huo unahitaji mageti yenye upana wa zaidi ya mita 12 kwa jumla. Pimeni kwa futi kamba, na msihesabu sehemu iliyozibwa na wachuuzi au bodaboda nje. Kila geti la kutokea liwe na mtu wake asiyebanduka hata bao likiingia, na kufuli liondolewe kabisa. Accra, 2001, yalirushwa mabomu ya machozi, mashabiki wakakuta mageti yamefungwa. Walikufa zaidi ya 120.

Wazoeze kutazama jukwaa, mgongo ukielekea eneo la kuchezea. Umati ukianza kuyumba kama wimbi, simamisha kwanza wanaoingia nyuma, kisha fungua njia watokee kwenye eneo la kuchezea. Kuwasukuma warudi kunaongeza mgandamizo.

Huduma ya kwanza waachie wakufunzi wa Msalaba Mwekundu: kwa asiyepumua, kukandamiza kifua mara 30, pumzi 2.