Kabla hujalipia kalamu ya toleo maalumu

Kila kampuni kubwa inapotoa kalamu mpya ya wino ya toleo maalumu, marafiki huniuliza: ninunue? Nami huwauliza kwanza: ina namba?

Hapo ndipo pesa nyingi hupotea. Kalamu ya toleo lenye idadi maalumu huchorwa namba yake kwenye mwili au kifuniko, na zikiisha zimeisha. Kampuni ya Montblanc ya Hamburg, Ujerumani, ilipoanza mfululizo wake wa wafadhili wa sanaa mwaka 1992, kwa kalamu ya Lorenzo de' Medici, ilitengeneza 4810 tu. Hizo ndizo mita za urefu wa mlima Mont Blanc wenyewe kama kampuni inavyozichora kwenye ncha zake. Toleo maalumu la kawaida mara nyingi halina namba. Ni kalamu ile ile ya kila siku iliyovishwa rangi mpya, na kiwanda kinaweza kutoa nyingi kadiri wateja wanavyotaka.

Mimi niliuziwa rangi kwa bei ya namba. Muuzaji aliniapia kwamba zimebaki chache duniani, nikalipa. Usiku, chini ya taa, niliizungusha mkononi nikitafuta namba: kwenye kifuniko, kwenye pete, kwenye kitako. Hakuna. Iliniuma sana, maana zilikuwa akiba za miezi.

Siku hizi naenda na kioo cha kukuzia cha sonara. Watu husifu dhahabu ya karati 14 au 18, lakini kinachogusa karatasi si dhahabu, ni punje ya metali ngumu iliyochomelewa kwenye ncha na kupasuliwa katikati. Itazame: nusu zote mbili ziwe sawa, hata moja isiipande nyingine. Kisha omba kuichovya kwenye wino uandike jina lako polepole. Ikikwaruza au ikiruka herufi, irudishe hapo hapo.

Ukishainunua, iandikie. Usitie wino wa kuchorea ule wenye gundi ndani yake; ukikauka, maji hayauyeyushi tena. Tia wino wa kalamu hizi tu, na kila unapobadilisha rangi, vuta na sukuma maji ya baridi kwa pistoni ya kuvutia wino hadi yatoke meupe. Kwa asiyeandika kila siku, napendekeza Platinum 3776 ya Japani: tangu 2011 kifuniko chake kina springi ndani inayoziba ncha, wino usikauke. Hiyo 3776 ni urefu wa mlima Fuji kwa mita. Natamani siku moja nishike kalamu iliyoandikwa 5895, ya Kilimanjaro chetu.

Boksi na kadi ya dhamana usivitupe, kwani mnunuzi wa baadaye atavidai. Vyangu viko kabatini. Kalamu yenyewe iko mfuko wa shati, ncha ikitazama juu, wino usije ukamwagikia kifunikoni.