Ulichosoma Discord, mhusika wako hajakisoma

Umeuliza kama mhusika wako, yaani mtu unayemwigiza ndani ya mchezo wa kompyuta, anaweza kutumia ulichosoma Discord, programu ya kuchati. Hairuhusiwi, kaka. Kumpeleka mhusika wako akamwokoe mwenzake kwa sababu tu umesoma Discord kwamba katekwa ni kosa. Kwenye seva za uigizaji za mchezo wa GTA V, ambako kila mchezaji anaigiza mhusika wake, wanaliita metagemingi, na watu hufungiwa kwa hilo. Jiulize: mhusika mwenyewe kajuaje, ndani ya mchezo? Kama kapigiwa simu ya mle mle, kasikia redioni au kapita akaliona gari, aende. Kama wewe ndiye uliyeona laivu Twitch, mtandao wa kurusha michezo moja kwa moja, yeye hajui kitu. Hata jina linaloelea juu ya kichwa cha mchezaji halihesabiki mpaka atajiwe.

Nasimamia seva ndogo ya vijana wa hapa Tanga, na ugomvi wetu mwingi unaanzia hapo: wamekaa banda moja Ngamiani, mmoja anachungulia skrini ya jirani, mara mhusika wake anaukwepa mtego ambao hakuna aliyemwambia. Mwenzake kausuka kwa siku kadhaa, umeharibika kwa jicho moja. Inaumiza kweli. Siku hizi maneno ya nje ya uigizaji tunayaandika ndani ya mabano mawili, ((hivi)), na yaliyomo humo mhusika hayasikii.

Suala la mhusika aliyekufa akahuishwa ndilo linalotofautiana. Seva nyingi humtaka asahau tukio lililomuua, nyingine haziendi hivyo, kwa hiyo soma kanuni za kwenu kabla hujamrudisha kulipiza kisasi.