Kobe wa Jinja Wanakataa Mboga

SWALI: Asalaam aleikum, Mzee wetu. Mimi niko Walukuba, Jinja, nina watoto watatu na kobe wa maji wawili. Yule mkubwa tuliachiwa na shemeji alipohamia nje ya nchi. Ana alama nyekundu nyuma ya macho na amefikia ukubwa wa sahani ya chai. Mdogo ni wa kahawia, kijana wangu alimwokota kwenye shimo la wafyatua matofali. Wote wawili nawalisha nyama ya kusaga na makombo ya mkate. Jirani ananiambia kobe ni mla majani, eti nawadhulumu. Nimejaribu kabichi na dodo, yaani mchicha: mkubwa ananusa anageuka, mdogo hata hatazami. Na wiki hii macho ya mkubwa yamevimba, hafungui vizuri. Wanaishi kwenye tangi la kioo sebuleni, karibu na dirisha. Nifanye nini? – Mama Watatu, Jinja

JIBU: Aleikum salaam, dada yangu. Habari ya mboga nitaifikia, lakini macho kwanza. Kobe wa maji hutafuta chakula kwa macho. Akishavimba hivyo haoni, na asipoona hali, si mboga tu, hata hiyo nyama ataiacha siku si nyingi. Mpeleke kwa daktari wa mifugo wiki hii hii, usingoje mboga zimponye. Mweleze daktari amekula nini miezi yote hiyo, maana nyama tupu ya ng'ombe haina vitamini A ya maana wala kalsiamu ya kutosha, na mkate ndio kabisa. Vitamini A ikipungua, macho ya kobe huvimba namna hiyo. Maji machafu nayo huleta uvimbe unaofanana, kwa hiyo badilisha maji leo. Ila usikubali mtu yeyote amdunge vitamini kwa kukisia. Ikizidi, ngozi ya kobe hubambuka vipande vipande, na hilo ni baya kuliko macho.

Sasa jirani. Kwa kobe mmoja amepatia nusu, kwa mwingine amekosea kabisa, kwa sababu nyumbani kwako kuna wageni wawili wa makabila tofauti.

Mwenye alama nyekundu asili yake ni Marekani, bonde la mto Mississippi. Akiwa mdogo hula wadudu na samaki zaidi. Anavyokua hugeukia majani, na akiwa mtu mzima nusu ya chakula chake au zaidi inatakiwa iwe ya kijani. Kwa ukubwa wa sahani ya chai, huyo wako ameshaingia utu uzima, kwa hiyo mboga anazihitaji.

Mdogo mchunguze shingo. Mguse pua taratibu kwa kijiti, si kwa kidole. Akirudisha kichwa moja kwa moja ndani ya gamba, basi naye ni wa jamii ya mwenzake. Akikikunja pembeni, chini ya ukingo wa gamba, kama mtu anayeficha uso kwapani, huyo ni mwenyeji wa mabwawa yetu. Tena mwenyeji akikasirika hutoa harufu ambayo mtakumbuka mpaka Idi. Wenyeji hawa ni wala nyama: viluwiluwi, konokono, minyoo, samaki, mizoga. Kabichi kwake ni pambo la tangi. Kwa hiyo huyo hakukudharau, dada, ulimwandalia chakula kisicho chake.

Huyo mdogo nitakushauri jambo ambalo kijana wako hatalipenda. Mnyama wa porini hafugwi bila kibali cha mamlaka ya wanyamapori, ndivyo isemavyo sheria ya mwaka 2019. Ongeeni na ofisi yao iliyo karibu, muwaulize kama arudishwe palepale alipookotwa. Wakati mnangoja jibu mtenganishe na mkubwa. Wala nyama hung'ata vidole vya wenzao, na magonjwa huvuka kutoka kwa mmoja hadi mwingine. Yule wa Marekani, kinyume chake, asije akaachiwa mtoni hata siku moja, hata mkimchoka. Duniani kote ametajwa kati ya viumbe wageni 100 waharibifu zaidi, na hatumhitaji kwenye Nile.

Tukirudi kwenye sufuria: kati ya kabichi na dodo, kosa kubwa ni dodo, na hapa naongea kama mkosaji. Mwaka 2011, hapa Bombo, jirani aliyekuwa anahama aliniachia kobe jike kama huyo wako, nikampa jina Hajati. Nyuma ya nyumba dodo lilikuwa linajiotea lenyewe, la bure. Nikawa namchumia kila asubuhi, naye akala vizuri, nikajisifu. Tangi nililiweka dirishani kama lako, nikijua anapata jua. Mwezi wa tano nilimshika kumsafisha, kidole gumba kikabonyea ukingoni mwa gamba. Lilirudi taratibu kama kifuniko cha kopo la plastiki. Daktari aliniuliza mawili tu: anakula nini, na kati yake na jua kuna nini?

Dodo lina oksalati nyingi. Hiyo huikamata kalsiamu tumboni kabla mwili haujaichukua. Na kioo cha dirisha hupitisha mwanga na joto, lakini ule mnururisho unaomsaidia kobe kutengeneza vitamini D hubaki nje. Kwa hiyo kalsiamu kidogo iliyobaki mwili haukuweza kuitumia. Gamba la Hajati lilikuja kuwa gumu tena, ila nyuma limebaki na wimbi mpaka leo, kama bati lililopigwa na upepo.

Dodo basi mpe mara mojamoja tu, na spinachi vilevile. Kabichi haina sumu, lakini ina maji mengi na faida chache, na ikiwa ndiyo chakula cha kila siku huvuruga tezi ya shingo. Chukua sukuma, ina kalsiamu nzuri. Siku nyingine mpe sunsa, yaani majani machanga ya maboga, yale unayoyamenya nyuzi kabla ya kupika. Kwa ajili ya macho, ongeza rangi ya machungwa: karoti iliyokwaruzwa, au kipande cha boga kilichochemshwa kidogo mpaka ukucha unaingia. Majani ya mihogo usithubutu. Sisi wenyewe sombe tunaitwanga na kuichemsha muda mrefu kwa sababu mbichi ina sumu, na kobe hana kinu. Ovakado pia usimpe.

Kabla ya yote, osha. Umeona nyanya za sokoni zenye unga mweupe wa kibluu kwenye kikonyo? Ni dawa ya ukungu, na mboga za majani hupuliziwa vilevile, ni kwamba kwenye jani huioni. Mimi huloweka kwenye beseni, nasugua kila jani pande zote mbili, kisha nasuuza kwa maji mengine.

Atakula? Siku ya kwanza hapana. Kobe aliyezoea nyama ni kama mtoto aliyezoea soda. Macho yakishapona, na daktari akisema ana nguvu, asubuhi mpe kijani tu. Nyama hapana. Kobe mzima mwenye afya akikaa siku nne au tano bila kula hafi, ingawa atakukazia macho mpaka uone haya. Usimtupie rundo. Mboga iliyolala chini ya tangi haimvutii na inaoza. Chukua jani moja zima la sukuma, lichane pembeni, ulibane kwa kibanio cha nguo kwenye ukingo ili ncha ielee na kutikisika. Kinachotikisika hung'atwa. Ikishindikana, lichovye kwenye maji uliyochemshia mukene, wale dagaa wa ziwani, bila chumvi. Hajati alishindwa kwa njia hiyo siku ya tatu. Aling'ata, akatema, akazunguka tangi, akarudi kumaliza.

Lazima ale akiwa ndani ya maji. Hana mate ya kulainishia chakula, nje ya maji humkwama. Mimi huweka beseni la pembeni la kumlishia, nikimaliza namwaga, na tangi linabaki safi.

Nyama ya kusaga iache. Badala yake mpe mukene mzima, na mifupa yake, kwa sababu kalsiamu iko humo. Wa mbichi ni bora. Wa kukaushwa chunguza kwanza, maana mwingi huanikwa chini na mchanga huingia. Uloweke, utikise, umwage maji mara mbili tatu. Kipimo ni kiasi cha kichwa chake bila shingo, kila siku ya pili au ya tatu. Mboga ni kila siku.

Jua: mtoe nje asubuhi kwenye karai pana, nusu saa, na jiwe la kupandia. Funika nusu ya karai kwa ubao apate kivuli. Nyinyi wa Jinja mko karibu na mstari wa ikweta, karai lisilo na kivuli linageuka sufuria. Usimwache peke yake pia, kunguru na mbwa wapo. Na watoto wanawe mikono kwa sabuni kila wakimshika, gamba hubeba vijidudu vya kuharisha hata kama kobe mwenyewe ni mzima.

SWALI: Mzee, kobe wangu wa alama nyekundu anapenda sana gugumaji. Naweza kumwokotea ziwani pale Port Bell, si ni bure? – Kijana wa Luzira

JIBU: Kulila analila, lakini fikiria limeota kwenye maji gani. Mfereji wa Nakivubo unamwaga uchafu wa Kampala kwenye ghuba hiyohiyo, na gugumaji ni hodari wa kufyonza madini mazito. Chukua miche miwili mitatu, ioshe mizizi sana, uiweke kwenye ndoo ya maji safi juani. Haitachelewa kuzaa. Mpe watoto wa mmea, mama zake watupe jalalani pakavu, si mtaroni, tusije tukaambiwa ni wewe uliyelipeleka kijijini kwenu.