Nimemaliza tibakemia: niende kwenye harusi Dar es Salaam?

SWALI: Daktari, nina miaka 54 na ninaishi Nkuhungu, Dodoma. Nilifanyiwa upasuaji wa saratani ya titi la kushoto, tezi za kwapani zikaondolewa, na dripu ya mwisho ya tibakemia, yaani dawa kali za kuua chembe za saratani, nilipata Juni mwaka huu wa 2021. Sasa ninameza tamoxifen, kidonge cha kuzuia saratani isirudi, kila siku. Mwishoni mwa Septemba mdogo wangu anaozesha binti yake Dar es Salaam, na kwetu mama mkubwa ndiye anayemkabidhi bibi harusi. Mume wangu ananikataza kwa sababu ya korona, ilhali dada zangu wanasema nisipokwenda nitakuwa nimemsusa mtoto. Sijachanjwa. Nifanye nini?

JIBU: Mama, pole kwa yote uliyopitia. Mumeo hana kosa kuogopa, lakini hofu yake inafaa zaidi kwa mtu aliyetoka kwenye dripu juzi. Chembe nyeupe za damu, ambazo hupigana na maradhi, hushuka zaidi kati ya siku ya 7 na ya 14 baada ya dripu, na kwa kawaida hupanda tena ndani ya wiki tatu au nne. Kwa hiyo kufikia Septemba kipindi kile kibaya kitakuwa kimepita. Hata hivyo, zipo chembe za kinga ambazo huchukua miezi mingi kurudi, na nywele kuanza kuota si ushahidi kwamba zimerudi. Nenda kliniki yako kabla ya kukata tiketi, upimwe damu, na daktari anayelijua faili lako atamke mwenyewe kama unaweza kusafiri.

Kuhusu chanjo, usingoje. Chanjo ya korona ya Janssen iliyozinduliwa nchini 28 Julai 2021 ni ya dozi moja, haina kirusi kinachoweza kuzaliana mwilini, na wewe umo katika kundi la kipaumbele mara mbili, kwa umri na kwa ugonjwa. Mwili unahitaji wiki kadhaa kujenga kinga, ndiyo maana dozi ya wiki ya harusi itakuwa imechelewa. Mwambie muuguzi akuchome mkono wa kulia, kwa kuwa wa kushoto ndio uliotolewa tezi. Kwa waliotibiwa saratani chanjo wakati mwingine hujenga kinga hafifu, hivyo barakoa itabaki usoni hata baada ya kuchanjwa.

Safari yenyewe ni kilomita 450 hivi, na hapa kuna jambo ambalo familia nyingi hazilifikirii kwa kuwa macho yote yako kwenye korona: saratani, tamoxifen na kukaa kitako saa nyingi, kila kimoja huongeza uwezekano wa damu kuganda miguuni. Kunywa maji, chezesha vifundo vya miguu, na basi likisimama Morogoro shuka utembee, usiishie kununua mahindi dirishani. Mguu mmoja ukivimba na kuuma, au pumzi ikikata ghafla, nenda hospitali saa hiyohiyo. Chagua basi ambalo madirisha yake yanafunguka, hata kama vumbi litakuchafua kitenge. Mabasi ya kiyoyozi yanapendeza, ila hewa ni ileile mnayovuta wote.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni ukumbi: umefungwa, muziki uko juu, watu wanazungumza kwa kupaza sauti wakiwa uso kwa uso, kila shangazi anataka kukukumbatia, na barakoa zinashuka kidevuni pilau inapofika. Ningekuwa ndugu yako ningeiomba familia makabidhiano yafanyike nyumbani, uani, asubuhi, wakiwepo watu wachache, kisha ukumbini usiende kabisa. Mama mkubwa atakuwa ametimiza wajibu wake, na kamati ya harusi itapata la kunung'unikia, kama kawaida yake.

Nunua pia kipimajoto duka la dawa, usafiri nacho. Joto likifika nyuzi 38 usimeze panadoli kwanza, kwa sababu itaificha homa. Nenda hospitali ueleze kwamba umetoka kwenye tibakemia. Na endapo mtu yeyote katika nyumba utakayofikia atakuwa anakohoa au ana homa siku mbili kabla hujaondoka, ahirisha. Mpigie mdogo wako wiki hii mkubaliane kuhusu hilo, ili siku hiyo ikifika asilichukue kuwa ni kususa.