Jibu: Rejista mpya ya arm64 inabaki na thamani ya kiini cha kwanza

Habari ndugu. Umeongeza rejista ya kueleza uwezo wa kiini (core) cha kichakataji kwenye cpufeature.c, faili la kerneli ya Linux linalolinganisha uwezo wa viini vya arm64 (Arm ya biti 64), lakini kiini dhaifu kikiwaka thamani ya pamoja ya viini vyote haishuki. Angalia kwanza update_cpu_features(). Kuisajili kwenye init_cpu_features(), inayosoma kiini cha kwanza, pekee hakutoshi. Kila kiini kinachofuata lazima kilinganishwe kwenye update_cpu_features().

Kisha kagua ishara (chanya au hasi) ya kila sehemu ya rejista, na hapa usiharakishe kabisa. Kwa mfano, FP (uwezo wa hesabu za desimali, floating point) kwenye rejista ya ID_AA64PFR0_EL1 ina biti 4 zinazosomwa kama namba inayoweza kuwa hasi: 0xf maana yake haipo, 0 ipo. Ukiitangaza kuwa haina ishara, FTR_LOWER_SAFE (kanuni ya kuchukua thamani ndogo kuwa salama) itachagua 0 badala ya 15 (yaani 0xf), na kerneli itaamini FP ipo kwenye viini vyote. Tumia S_ARM64_FTR_BITS, makro ya kutangaza sehemu yenye ishara. Jedwali la sehemu za rejista lianze na biti za juu, lifungwe kwa alama ya mwisho, ARM64_FTR_END.