Kabla hujakubali kumhudumia mzee wa watu, tembea naye hadi msalani

Wiki iliyopita niliandikiwa na binti mmoja wa Wete, Pemba. Amepata kazi ya kumhudumia mzee wa kiume nyumbani kwake, anaanza Jumatatu, na anaomba nimwelekeze vyakula vinavyomfaa mtu mwenye presha na kisukari. Ujumbe wake ulikuwa wa adabu na nimeusoma mara tatu, kwa sababu miaka tisa iliyopita mimi nami niliingia katika nyumba ya watu nikiwa na swali hilo hilo la chakula, bila ya kumjua mtu niliyekwenda kumtumikia.

Nyumba yenyewe ilikuwa ya ghorofa, Mji Mkongwe, miongoni mwa zile zenye ngazi za mbao zilizosimama wima na vizingiti virefu. Mtoto mkubwa wa bibi, aliyekuwa akiishi Maskati, alinipigia simu akaniambia kwamba mama yake hana tabu yoyote, kazi ni kumpikia, kumfulia na kulala naye nyumba moja asiwe peke yake. Nikamwamini. Nilihamia siku hiyo hiyo baada ya sala ya alasiri, nikapanga nguo zangu katika chumba cha chini, nikaingia jikoni. Nilipika vizuri, na bibi alikula na kuniombea dua.

Alfajiri ya siku ya nne, kabla ya adhana, nilisikia kishindo. Nilimkuta amelala ubavu kwenye mlango wa choo, birika la udhu limepinduka, maji yametapakaa sakafuni, na mguu wake wa kushoto umegeukia nje na kuonekana mfupi kuliko wa kulia. Nyonga ilikuwa imevunjika. Wakati tunasubiri gari nilikaa chini kumshikia kichwa, na ndipo nilipouona ukuta. Kutoka mlango wa chumba chake hadi msalani, juu ya chokaa nyeupe, ulipita mstari wa rangi ya kahawia, uliokoza zaidi penye kona: alama za viganja vya mtu ambaye kwa miezi mingi alikuwa hawezi kupita pale bila ya kushika. Siku tatu nzima nilikuwa nikiupita ukuta ule nimebeba sinia la chakula.

Mtoto wake alipofika, aliniita barazani na mbele ya majirani akaniambia kwamba nililipwa kutazama, si kulala. Sikumjibu. Neno lile linaniuma hadi leo, kwa sababu hakuna aliyeniambia kwamba bibi alikuwa akimeza dawa ya kukojoza wakati wa kulala badala ya asubuhi, na kwa hiyo akiamka mara tatu au nne kila usiku. Hata hivyo, nilipokwenda kumtazama hospitali, bibi mwenyewe alinieleza kwamba tangu Mfungo Mosi alikwishaanguka mara mbili na akawaficha wanawe, akichelea wasije wakamhamisha nyumbani kwake. "Mwanangu," akasema, "ungeniuliza, wewe ningekwambia."

Tangu siku ile sijaanza kazi katika nyumba yoyote kabla ya kwenda mara moja kwa ajili ya kumjua mtu tu, bila ya kushika sufuria wala ufagio. Nalisema hili kwa fahari. Zipo familia mbili zilizolikataa sharti hilo na nikaziacha, ingawa nilikuwa na haja ya fedha.

Kwa hiyo, mdogo wangu wa Wete, kaa na mzee faragha kidogo, watoto wake wasiwepo, umuulize yeye. Usimuulize kama amewahi kuanguka, kwani atakwambia hapana. Muulize mara ya mwisho alianguka lini. Kisha mwombe akuoneshe njia anayoipita usiku anapokwenda kujisaidia na alfajiri anapokwenda kutia udhu, nawe ufuate nyuma, utazame anashika wapi, taa iko wapi, na maji yanasimama wapi. Kipo na kipimo chepesi ambacho wataalamu hukitumia: anainuka kwenye kiti, anatembea mita 3, anageuka, anarudi na kukaa. Akichukua sekunde 12 au zaidi, mhesabu kuwa yumo katika hatari ya kuanguka. Mwenye kifaa ampime presha akiwa amelala, kisha akishasimama dakika 1 hadi 3. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, aonwe na daktari.

Dawa zake zote zimwagwe mkekani mbele yenu, pamoja na zile za chini ya mto. Nimewahi kukuta kikapuni pakiti mbili zenye majina tofauti na dawa ndani ni moja, na mzee alikuwa akizimeza zote mbili.

Kwako wewe liko jambo zito zaidi, nalo hukulitaja. Mzee huyo ni mwanamme na wewe si maharimu wake. Nani atamwogesha, na nani atambadilisha nguo akijikojolea? Watu huona haya kulisema, na haya hiyo ndiyo inayomwacha mzee akae na nguo mbichi mpaka ngozi ikachubuka. Atajwe kwa jina mtoto au mjukuu wa kiume, na saa atakazokuja zijulikane kabla hujaanza. Vilevile, usikubali kumwinua peke yako ukiwa humuwezi, kwani mtaanguka nyote wawili.

Na fedha zake pia ni sehemu ya usalama wake. Tangu Aprili 2016 Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar inawalipa pensheni jamii wazee waliofikia miaka 70. Ukiombwa ukampokelee, kwanza watu wa nyumba hiyo wakubaliane kwa maandishi mbele ya mzee mwenyewe.

Muulize mwenyewe, ndugu yangu. Narudia kwa sababu najua utafika pale, mkwe wa nyumba atakukaribisha chai, atakueleza kila kitu kwa dakika kumi, na utaona si adabu kuendelea kuuliza. Endelea kuuliza. Ama chakula, nitakuandikia, lakini si kabla ya Jumatatu. Jumatatu nenda bila ya begi la nguo, mfuate mzee wako hadi msalani, kisha niandikie ameshika ukuta sehemu gani.