Gari la tanga: nianzie wapi?

SWALI: Nimeona vigari vya magurudumu matatu vikiendeshwa kwa tanga ufukweni. Sijawahi kupanda hata mashua. Nianzie wapi?

JIBU: Anza kwa kujifunza kusimama, ndugu yangu, maana vingi havina breki. Siku yangu ya kwanza niliogopa mwendo, nikaivuta kamba ya tanga kwa nguvu. Kumbe ndiyo nachochea! Gurudumu moja likanyanyuka mchangani. "Legeza!" mwalimu akapaza sauti. Nikalegeza, tanga likapepea, gurudumu likashuka. Rudia hilo hadi mkono uzoee, kwenye upepo mwanana na uwanja mpana usio na watu: legeza, kisha elekeza pua ya kigari upepo unakotoka. Usukani mara nyingi huwa miguuni. Vaa kofia ngumu na glavu. Kigari hiki huweza kuupita upepo wenyewe. Mwaka 2022 Glenn Ashby, mwendesha mashua za tanga wa Australia, alivuka kilomita 222 kwa saa akiwa kwenye gari la tanga.